Bunduki Iliyopimwa kwa Kabuti

Siku Jairus Wepukhulu alipopata cheti chake cha bunduki, majirani wa bwawani walimpongeza usoni wakamcheka kisogoni. Wengine hata kisogo hawakukisubiri. "Mbwa wa Maji amepewa bunduki," walisema sokoni, wakashika mbavu. "Sasa nani atabweka?"

Jina hilo lilikuwa na historia yake. Kabla ya uhuru, Wepukhulu alitoka kwao Myanga akiwa kijana wa miaka kumi na saba, akaandikwa kazi na mzungu mmoja nje ya mji wa Kitale. Kazi yenyewe ilikuwa kuokota ndege. Wazungu walisimama kando ya bwawa alfajiri, wamevaa makabuti mazito yanayofika magotini, wakawapiga bata, na bata akianguka majini Wepukhulu anavua shati anaingia. Mbwa wa kazi hiyo walikuwepo, tena wawili, lakini mzungu aliwapenda mno na baridi ya Kitale haina masihara. Kwa hiyo mbwa walibaki garini na Wepukhulu akaogelea. Aliogelea miaka kumi na mmoja. Bunduki alizibeba, akazisafisha, akazipaka mafuta, ila kidole chake hakikuruhusiwa kugusa kifyatulio hata siku moja.

Mzungu aliondoka, shamba likagawanywa, na Wepukhulu akawa mmoja wa watu kumi na wanane walionunua vipande kuzunguka bwawa lile lile. Ungedhani mtu akishakuwa mwenye shamba, mambo ya kuogelea yamekwisha. Wapi! Katika sherehe ya kupata hati za mashamba alisimulia mwenyewe habari za ujana wake, na Kibiwott, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, akaropoka, "Kumbe wewe ulikuwa mbwa wa maji!" Watu wakaangua kicheko. Wepukhulu naye alicheka siku hiyo, na hakuna kicheko alichokijutia maishani kama hicho. Jina lilimganda. Alikuwa amefika umri wa miaka hamsini na minne wakati mjukuu wake Nanyama alipotoka shule akamuuliza mbele ya wageni, "Kuka, ni kweli wewe ni mbwa?" Alimjibu kwa upole, lakini jioni aliirudisha sahani jikoni kama ilivyokuja.

Ndipo mwaka huo, 1990, bata bukini wakamletea nafasi ya kulizika lile jina.

Usidhani ninasema bata wa nyumbani wanaotembea wakijitikisa. Hawa ni ndege weusi wakubwa, shingo ndefu, na kwenye kila bawa wana mwiba unaoweza kumchana mtu. Misimu mitatu mfululizo walikuwa wakija kwenye bwawa mahindi yanapochipua, wakishuka mashambani na kung'oa miche mstari kwa mstari kama vibarua waliolipwa. Watu walipiga madebe, bata bukini wakayazoea. Walisimamisha sanamu za nguo kuukuu, bata bukini wakazizunguka kwa heshima na kuendelea kula. Mwishowe afisa wa wanyamapori alikubali bunduki moja ilinde bwawa. Moja tu, alisema, kwa maana hataki watu wawili wanaofyatuliana kutoka ng'ambo mbili za maji. Kamati imletee jina la Mlinzi wa Bwawa.

Wenye vyeti vya bunduki walikuwa wawili, Wepukhulu na Rotich. Huyu Rotich alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na sita, mrefu, ametoka jeshini mwaka uliotangulia, na alikuwa amemwoa dada yake Kibiwott. Kwa hiyo Kibiwott hakuwa na haja ya kufikiri.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," alisema mkutanoni. "Lakini tusiseme tumependelea. Jumamosi ya kwanza mahindi ikitoka, wote wawili wasimame pale. Afisa ametupatia ruhusa ya hiyo asubuhi moja. Mwenye atapata ndege mingi, tunaandika jina lake."

Wepukhulu akainua mkono. "Naomba kitu moja tu. Ihesabiwe ndege yenye iko kwa mkono. Ya hewani si ndege."

"Sawa, Mzee," Kibiwott akajibu, na huku anawakonyeza wenzake. "Wewe ndio unajua maneno ya kuokota."

Kicheko tena. Wepukhulu aliketi na kuapa moyoni kwamba hicho kilikuwa cha mwisho.

Bunduki yenyewe bado hakuwa nayo. Siku ya kwenda kuinunua lilikuwa jua la Machi, lile linalopasua udongo, na mkewe Rispah alishangaa kumwona akitoka chumbani amevaa kabuti lake la sufu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, na gambuti miguuni.

"Baba Nanjala, uko mgonjwa?"

"Siko mgonjwa. Naenda kununua bunduki."

"Na hiyo kabuti ni ya nini, ama bunduki inauzwa huko kwa barafu?"

"Utaona."

"Mimi nimeona tayari," Rispah alisema. "Bado watu wa Matisi ndio wataona."

Nao waliona. Alipita Matisi akitoka jasho, wauza nyanya wakasimama kumtazama, fundi wa baiskeli akamuuliza kama huko atokako kunanyesha. Wepukhulu alisalimia kila mtu akaendelea na safari. Mtu akishaitwa mbwa, kuitwa mwendawazimu ni kupandishwa cheo.

Dukani kwa Bwana Virdi, muuza bunduki mjini Kitale, alimkuta Rotich pamoja na shemeji yake Kibiwott. Rotich amevaa shati la mikono mifupi, na mikononi ameshika bunduki nzuri, nyepesi, inayong'aa, ya geji kumi na mbili, ile aina inayojikoki yenyewe kila inapofyatuka. Aliipandisha begani mara moja ikakaa kama aliyezaliwa nayo. Akailenga saa ya ukutani. Hata Wepukhulu alikiri moyoni kwamba ilipendeza.

"Risasi tano kwa sekunde tatu," Rotich alisema. "Hii ndio kusema."

"Fungia huyu," Kibiwott akamwambia Virdi, kama anayenunua mkate.

Wepukhulu aliomba aonyeshwe bunduki za marisau, zote. Virdi alimtazama kabuti, akamtazama gambuti, akazileta. Ya kwanza ilikuwa ya mitutu miwili, na Wepukhulu aliirudisha bila kuipandisha begani. Virdi alishangaa, maana wazee wote hununua hiyo. Lakini Wepukhulu aliijua kwa miaka kumi na mmoja ya kuitazama kutoka majini. Bata bukini huja kwa ukoo. Mzungu anapiga wa kwanza, anapiga wa pili, kisha anaikunja bunduki katikati ili aijaze upya na kutafuta risasi mfukoni kwa vidole vilivyokufa ganzi, na hapo ndipo yule wa tatu, tena mkubwa kuliko wote, hupita juu ya kichwa chake taratibu kama anayekwenda kanisani. Wepukhulu alikuwa amemwona huyo wa tatu mara nyingi mno.

"Nataka ya kupampu, ile ya kuvuta na kusukuma na mkono," alisema. "Na sitaki geji kumi na mbili. Nataka kumi."

Kibiwott akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, hata mtoto wa nasari anajua kumi na mbili ni kubwa kuliko kumi! Unataka bunduki kubwa ama ndogo?"

"Mwenyekiti, ukijaza gunia na kabichi kumi, na mimi nijaze gunia kama hiyo na kabichi kumi na mbili, nani ako na kabichi kubwa?"

Kibiwott alihesabu kwa vidole. "Mimi."

"Basi. Wanapima hivyo. Risasi ya duara kumi kwa ratili moja, ama kumi na mbili kwa ratili. Kumi ndio mdomo mpana."

Virdi alitabasamu, akaenda stoo ya nyuma, akarudi na kasha lenye vumbi. Ndani yake mlikuwa na bunduki ya kupampu ya geji kumi, mtutu wa inchi thelathini, ndefu kama mpini wa jembe la ng'ombe na nzito kama mtoto wa kubebwa. Mzungu mmoja wa Cherangani aliiagiza kutoka ng'ambo, ikafika yeye akiwa amekwisha kufunga virago. Mwaka mzima hakuna aliyeitaka. Risasi zake, maboksi matano, zilikuwa humo humo kashani.

Rotich aliibeba akaishusha haraka. "Hii ni ya kupiga ndege ama ni ya kubomoa nyumba? Mzee, itakuangusha."

Jibu la Wepukhulu lingekuwa refu. Mpigaji hujua kwamba ndege ameanguka, lakini mwokotaji hujua kwa nini. Yeye ndiye aliyewanyonyoa wale ndege. Alikuwa ameyakuta marisau madogo ya geji kumi na mbili yamekwama kwenye manyoya na mafuta ya bukini, hayakufika popote, na aliwaokota wengi matetini siku mbili baadaye wakiwa wameoza. Mgeni mmoja tu wa mzungu alikuwa na geji kumi, bunduki kuukuu ya babu yake, na ndege wa mgeni huyo hawakuwahi kukimbizwa. Walikufa hewani. Wepukhulu aliogelea moja kwa moja akarudi. Mtu anayeogelea kwenye maji ya Kitale alfajiri hasahau bunduki iliyompunguzia safari. Na kuhusu hizi zinazojikoki zenyewe, alikuwa amezisafisha. Tope kidogo tu, na inakwama. Ya kupampu inasubiri mkono wako, na mkono wake aliuamini.

Aliipandisha begani. Kitako kikanasa kwenye kola ya kabuti. Akajaribu tena, kikanasa kwapani. Rotich na Kibiwott walitoka dukani wakicheka, na Kibiwott alisikika barabarani akisema, "Bunduki yenyewe imemkataa!"

Wepukhulu hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo alilokuja kulitafuta na kabuti lake. Bunduki inayokaa vizuri dukani saa sita ukiwa na shati, bwawani saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na kabuti inakuwa ndefu. Alikuwa amewaona wazungu wakitukana kwa sababu hiyo bila kujua sababu yenyewe.

"Ikate kitako," alimwambia Virdi. "Vidole viwili."

Virdi aliikumbatia bunduki kama mtoto. Mbao ile ilikuwa ya mwalinati, alisema, imepakwa mafuta kwa mkono, na yeye hakati bunduki mpya kwa sababu ya koti. Wepukhulu alilipa, fahali wake mmoja akaishia hapo, na kesho yake akapanda gari la Bungoma.

Karibu na stesheni ya reli Bungoma aliishi Mukhisa, seremala wa vitanda na majeneza, ambaye zamani alitengeneza vitako vya bunduki za wazungu. Mukhisa aliiweka juu ya meza yake, akaipapasa, akapiga mluzi.

"Wewe Jairus, hii kitu ni mali, bana. Na wewe unataka niweke msumeno?"

"Weka."

"Ati kwa sababu ya kabuti?"

"Kwa sababu ya kabuti."

Mukhisa akamtazama kwa muda, kisha akafanya lile ambalo fundi halisi hulifanya, yaani akaacha kubishana. "Reta hiyo kabuti nione. Vaa. Vaa na gambuti. Ngoja." Akaleta karai, akalijaza maji, akamsimamisha Wepukhulu ndani yake katikati ya karakana, maana mtu aliyesimama majini hasimami kama aliye pakavu. Wateja wa vitanda walisimama mlangoni. Wepukhulu akapandisha bunduki mara ishirini, thelathini, macho yamefumbwa, na kila mara Mukhisa alitia alama ya penseli. Kisha akakata. Unga wa mbao nyekundu ukaanguka sakafuni, na Wepukhulu akahisi kama anayepasuliwa yeye. Lakini alipoipandisha tena, kitako kilipita kola, kikapita kwapa, kikatulia begani bila kelele.

"Sasa inakujua," Mukhisa akasema.

Walikwenda kuijaribu Myanga, kwenye shamba la kaka yake Wepukhulu lililolazwa bila kilimo, baada ya kumwarifu naibu wa chifu, naye akaja kutazama na kubaki mpaka jioni. Mukhisa alichora bukini kwa makaa kwenye karatasi za magunia ya saruji zilizoshonwa pamoja. Ndege huyo alitoka akifanana na kuku mwenye homa. Wakahesabu hatua arobaini.

Wepukhulu alisimama na kidole chake kwenye kifyatulio, na hapo mwili ukakataa. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa amebeba bunduki mamia ya maili, na bado mkono wake ulisubiri mtu amkaripie. Machozi yakamlengalenga, akaona haya mbele ya naibu wa chifu.

"Hakuna mtu, Jairus," Mukhisa akasema kwa sauti ya chini. "Ni sisi tu. Piga."

Akafumba macho akapiga. Kichuguu kilichokuwa mbali kulia mwa karatasi kikapoteza kichwa, na kuku mwenye homa hakuguswa. Naibu wa chifu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Lakini Wepukhulu alikuwa bado amesimama. Ule uzito uliomtisha Rotich ulikuwa umeumeza mshindo wote, na kabuti likameza uliobaki. Alivuta mkono wa bunduki nyuma, ganda likaruka, akausukuma mbele, akapiga tena akiwa amefumbua macho. Wakaenda kuhesabu. Marisau kumi na manne kifuani na shingoni, yote yamepita mpaka upande wa pili. Alicheka peke yake pale shambani, kwa sauti, na hakujali nani alimsikia. Kwa majuma matatu alirudi Myanga kila Jumamosi, akatumia maboksi manne, na vichuguu vikapata amani.

Huku nyuma, bwawani, habari zilikuwa zimefika kwamba Wepukhulu amekata bunduki. Sasa, katika nchi yetu mwenye kukata bunduki ni mwizi wa benki, na Kibiwott alihakikisha habari zimemfikia chifu. Chifu alikuja na futi ya fundi cherehani. Alipima mtutu, akapima tena, inchi thelathini zote zilikuwepo.

"Kwani ulikata wapi?"

"Kitako, Chifu."

"Kwa nini?"

"Kabuti."

Chifu aliangalia bunduki, akaangalia kabuti lililotundikwa mlangoni, akakunja futi yake akaenda. Alisikika akicheka mpaka kwenye lango.

Mahindi yalitoka wiki ya tatu ya Aprili. Jumamosi hiyo mvua ya usiku ilikuwa imekata, ukungu umelala juu ya maji, na baridi ilikuwa ile ya kung'ata masikio. Watu wa mashamba yote kumi na manane walijipanga juu ya kingo za bwawa, Nanyama akiwa ameshika kanga ya nyanya yake Rispah. Kila mtu amevaa kabuti. Rotich pia alikuwa amevaa kabuti, la jeshi, zito. Wepukhulu aliliona kutoka upande wake wa matete, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile moyo wake ukatulia.

Bata bukini walitoka mashariki, sauti kwanza, kisha miili. Walipita upande wa Rotich. Rotich aliinua bunduki yake inayong'aa na kitako kikanasa kwenye kola. Akaishusha, akaiinua, kikanasa kwapani. Ilipofika begani ndege walikuwa wamekwisha kumwona wakaanza kupanda juu. Alipiga tano kwa sekunde tatu kama alivyoahidi. Haraka haraka haina baraka. Mmoja akaanguka chali majini, mwingine akatikisika, akaenda akiyumba mpaka matete ya mbali akapotelea huko. Watu walishangilia wawili. Wepukhulu alijua ni mmoja.

Waliosalia waligeuka, wakaja kwake, juu, wamekasirika. Akasimama. Bunduki ikapita kola, ikapita kwapa, ikakaa. Alipiga wa kwanza akamkosa wazi kabisa, na kingoni mtu mmoja akabweka. Akavuta, akasukuma. Wa pili alikunjika hewani kama shati linaloanguka kambani. Na hapo, taratibu, akitumia mabawa yake kama mwenye nchi, akaja yule wa tatu, mkubwa kuliko wote, akapita juu ya kichwa cha Wepukhulu kama walivyopita babu zake juu ya wazungu wenye bunduki tupu.

"Leo hapana," Wepukhulu akasema. Akavuta, akasukuma, akapiga.

Yule ndege alianguka kwa kishindo kilichorusha maji mpaka kingoni. Hakuna aliyebweka. Kundi la pili lilipokuja dakika chache baadaye, Rotich alikuwa bado anakwangua tope kwenye bunduki yake iliyokwama, na Wepukhulu akaangusha wengine wawili. Rispah akapiga kigelegele ambacho, nasikia, kilifika barabara kuu.

Wanne kwa mmoja. Lakini ndege wote watano walikuwa katikati ya bwawa, na upepo ulianza kuwasukuma kuelekea mlango wa maji, ambako yakipita yanaporomoka bondeni na hayarudishi kitu. Kibiwott alisimama kingoni na daftari la kamati.

"Ndege ya mkononi," alisema polepole. "Si ndio ulisema, Mzee? Mimi hapa naona zero."

Watu, mmoja baada ya mwingine, bila ubaya, kwa mazoea tu, wakageuza vichwa na kumtazama Wepukhulu. Walikuwa wakimsubiri avue shati.

Sharti lake mwenyewe lilikuwa limemnasa kama kitako kwenye kola. Akiingia, mjukuu wake atamwona akiogelea na ndege kama mbwa, mbele ya watu wote. Asipoingia, ameshindwa. Aliyatazama maji, akayahisi mifupani kabla hayajamgusa. Kisha akafikiri: zamani nilitumwa. Leo ni ndege zangu. Akaweka bunduki chini, mkono ukaenda kwenye kifungo cha kwanza.

"Mzee, wacha."

Ni Rotich. Alikuwa amezunguka bwawa, kabuti la jeshi ameliacha nyuma kwenye matete, na alikuwa anavua viatu.

"Rotich!" Kibiwott akapiga kelele. "Ukitoa hizo ndege umeshindwa, unaskia?"

"Nimeshindwa tayari, si uliona?" Rotich alijibu. "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Akajitupa majini.

Ilibidi Wepukhulu amwongoze, maana ndege aliye juu ya maji huonekana zaidi na aliyesimama kuliko anayeogelea. Alinyoosha mkono, akapaza sauti, "Kushoto! Mbele kidogo! Sasa yule mkubwa!" na Rotich akaenda kushoto, akaenda mbele kidogo, akamshika yule mkubwa. Alileta wote watano kwa safari mbili. Alipotoka mara ya pili midomo ilikuwa imebadilika rangi na meno yanagongana, hawezi kusema.

Wepukhulu alifungua kabuti lake, kifungo kwa kifungo, akamvika. Alilifunga mpaka shingoni kama anayemvika mwanawe. Meno yalipotulia kidogo, Rotich akauliza.

"Mzee... haya maji... wewe uliogelea miaka ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na ukitoka, nani alikuwa anakupatia kabuti?"

Wepukhulu aliiweka sawa kola shingoni mwa Rotich. "Hakuna," alisema.

Wale wazee wa mashamba kumi na manane walitazama viatu vyao, na yule aliyebweka alijificha nyuma ya mkewe. Kisha Rotich akamgeukia shemeji yake, maji yakimtiririka masikioni.

"Andika. Andika jina ya huyu mzee, yote."

Kibiwott aliandika. Mkono ulikuwa mzito, lakini aliandika, na alipomaliza alifunga daftari. "Isome," Rotich akamwambia. Kibiwott akalifungua tena, akakohoa, akasoma, "Jairus Wepukhulu. Mlinzi wa Bwawa."

"Kuka!" Nanyama akapiga kelele kutoka kingoni. "Huyo ni kuka yangu!"

Wepukhulu alisimama na shati tu, baridi inampiga, bata bukini wanne wako miguuni pake, na hakuhisi baridi hata chembe. "Soma tena, Mwenyekiti," alisema. Kibiwott akasoma tena. Halafu ilibidi asome mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, kwa sababu waliokuwa ng'ambo ya bwawa hawakuwa wamesikia.